Namna ya Kutumia Nomino ya Kiingereza "Advice" kwa Usahihi

Kuna sentensi ya maneno mawili ambayo karibu kila mtu aliyefanya kazi ya ofisini Dar es Salaam, Nairobi au Kampala amewahi kuikuta mwishoni mwa barua pepe: "Please advice." Mara nyingi aliyeiandika ni mtu aliyesoma, Kiingereza chake kingine chote kimenyooka, na aliyeipokea ameelewa anachotakiwa kufanya. Hata hivyo sentensi hiyo ina kosa, kwa kuwa mwandishi ameweka nomino mahali palipohitaji kitenzi. Ni sawa na mtu kuandika kwa Kiswahili "Tafadhali ushauri", kisha akatia nukta na kuweka saini.

Kosa la pili, ambalo ni ndugu wa hilo, ni "advices". Mimi mwenyewe niliwahi kuandika "your good advices" katika barua ya kumshukuru mwalimu, nikidhani kwamba kwa kuwa nasaha zake zilikuwa nyingi ilinipasa niuonyeshe wingi huo. Barua ile ilinirudia ikiwa na herufi moja iliyozungushiwa wino mwekundu. Mwongozo huu unaeleza maana ya neno hili, namna linavyoingia katika sentensi, na mahali linapoachana na maneno yanayokaribiana nalo. Hoja yangu ni kwamba msemaji wa Kiswahili haliendei neno hili mikono mitupu, kwa sababu tayari analo neno "ushauri", ambalo mwenendo wake unakaribiana sana na wa "advice". Makosa mengi huzaliwa pale anapoliacha neno hilo na kufikiri kwa "shauri" au kwa "nasaha".

Maana yake

"Advice" ni maoni anayopewa mtu kuhusu jambo linalomfaa kufanya. Mtu akikuambia kwamba basi la Mbeya huondoka saa 12 asubuhi, amekupa taarifa, na Kiingereza huiita "information". Akikuambia ufike kituoni saa 11 ili upate kiti cha mbele, amekupa "advice". Tofauti ni kwamba taarifa husema jambo lilivyo, ilhali "advice" humwelekeza mtu kwenye tendo. Aidha, kwa matumizi ya kawaida, anayepewa ana hiari ya kufuata au kuacha, na kwa sababu hiyo amri ya mkubwa wa kazi haiwi "advice" hata ikisemwa kwa upole wa namna gani.

Katika lugha ya sheria, hata hivyo, hiari hiyo inaweza kuondolewa huku neno likibaki lile lile. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, katika ibara ya 37(1), inasema kwamba Rais hatalazimika kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba yenyewe au sheria nyingine inapomtaka afanye jambo kulingana na ushauri anaopewa. Maana yake ni kwamba kuna ushauri wa kusikilizwa tu na kuna ushauri wa kutekelezwa, na aina zote mbili kwa Kiingereza ni "advice". Nchini Uingereza mfalme au malkia hutenda "on the advice of" mawaziri wake, na kwa desturi ya kikatiba hatarajiwi kuukataa ushauri huo. Ndiyo maana tarehe 24 Septemba 2019, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipotamka kwamba kusitishwa kwa kikao cha Bunge kulikuwa batili, kilichowekwa mezani kilikuwa ushauri wa Waziri Mkuu kwa Malkia, na majaji wote 11 walikubaliana kwamba ushauri huo ulikuwa kinyume cha sheria. Kwa hiyo unapokutana na maneno "on the advice of" katika hati ya kisheria, usiyatafsiri upesi kana kwamba ni mazungumzo ya wazee barazani; uliza kwanza kama ushauri huo unamfunga anayepewa.

Neno hili haliingii katika hesabu

Hapa ndipo penye shida kubwa, na ndipo nitakapokaa zaidi. Kwa sarufi ya Kiingereza "advice" ni nomino isiyohesabika, yaani inachukuliwa kama unga au chumvi: ipo kwa wingi au kwa uchache, lakini haina moja, mbili wala tatu. Kutokana na hilo haitanguliwi na "an", haiongezwi "s" ya wingi, haiambatani na tarakimu, wala haikubali maneno ya kuhesabia kama "many", "few" na "these". Sentensi "He gave me an advice" ina kosa, na "She has many advices" ina makosa mawili kwa pamoja.

Sasa litazame neno "ushauri". Hatusemi "shauri" kama wingi wake, kwa namna tunavyosema ukuta na kuta au ufunguo na funguo. Tunasema ushauri wake ni mzuri, ushauri huu umenisaidia, ushauri mwingi, ushauri kidogo, na upatanisho wote unabaki katika umoja. Tafsiri sentensi hizo moja kwa moja na utapata Kiingereza sahihi: "His advice is good", "This advice has helped me", "a lot of advice", "a little advice". Hata kiwakilishi kinafuata njia hiyo hiyo. Tunaposema "nilipata ushauri wako nikaufuata", ile "u" iliyomo ndani ya kitenzi ni ya umoja, nayo inalingana na "it" katika "I got your advice and followed it". Anayeandika "followed them" bila shaka alikuwa akifikiri kwa "nasaha", kwa sababu nasaha huwa tunazifuata.

Wasemaji wengine wa Kiswahili wana mtego wa ziada kutokana na lugha waliyoisoma kabla ya Kiingereza. Aliyesoma kwa Kifaransa huko Kongo au Burundi amezoea "un conseil" na "des conseils", neno linalohesabika bila taabu, na anayezungumza Kiarabu huko Oman ana "nasiha" yenye wingi wake "nasaih". Wote wawili hujikuta wakiandika "advices" kwa mantiki ambayo katika lugha ile nyingine haina dosari yoyote. Kifaransa kina mtego mwingine tena: neno "advice" limetoka katika "avis" ya Kifaransa cha zamani, lenye mzizi wa Kilatini unaohusu kuona, kwa maana ya jambo jinsi linavyoonekana kwa mtu, lakini "avis" ya leo, ile inayobandikwa ukutani kama "avis au public", ni tangazo au maoni, wala si ushauri.

Kipimo cha "ushauri" kina upungufu mmoja ambao ni lazima niuseme. Katika mazungumzo tunasema "nikupe ushauri mmoja", na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakiruhusu "one advice". Kinataka uweke neno la kipimo katikati, kama vile tunavyosema kilo moja ya sukari, na neno la kawaida ni "piece": "Let me give you one piece of advice." Ukiwa na mambo mawili ya kumshauri mtu, utasema "two pieces of advice", na hapo kitenzi kitafuata wingi wa "pieces", kwa mfano "Two pieces of advice were especially useful." Kwa Kiswahili "vipande viwili vya ushauri" ni kichekesho, kama kwamba ushauri umekatwa kwa kisu buchani, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu tunaona haya kulitumia neno hilo hata tunapoandika Kiingereza. Halina kichekesho chochote huko kwao. Lipo pia "a bit of advice", ambalo ni la mazungumzo zaidi, na "a word of advice", ambalo mara nyingi hubeba harufu ya onyo. Mtu akianza kwa kusema "A word of advice", kaa vizuri usikilize, kwa kuwa huenda kuna jambo unalolikosea.

Mtu anaweza kuuliza mbona kioskini tunasema "nipe maji mawili" tukaeleweka, na Waingereza nao huagiza "two coffees". Ni kweli, kwa sababu kila mtu anajua kwamba zinatajwa chupa mbili au vikombe viwili. "Advice" haina chupa inayojulikana, na ruhusa hiyo haikulifikia.

Kuhusu kiasi, angalia mambo mawili madogo. Neno "much" hukaa vizuri katika kanusho na swali, kama "He didn't give me much advice" au "How much advice do you need?", lakini katika sentensi ya kukubali husikika kama limevaa suti, na "a lot of advice" hufaa zaidi. Jambo lingine ni herufi ile "a" katika "a little advice", ambayo hubeba mzigo mkubwa kuliko umbo lake: "She gave me a little advice" ni shukrani kwamba alinipa ushauri kidogo, na "She gave me little advice" ni lalamiko kwamba hakunipa wa kutosha.

Herufi "c" na herufi "s"

Nomino ni "advice", yenye "c". Kitenzi ni "advise", chenye "s". Kipimo cha haraka ni kuisema sentensi yako kwa Kiswahili kabla ya kuiandika: ukipata "ushauri", andika "c", ukipata "shauri" lililoshikamana na viambishi vya kitenzi, kama "nishauri", "atamshauri" au "kukushauri", andika "s". "Naomba ushauri wako" ni "I need your advice." "Naomba unishauri" ni "Please advise me." Kwa kipimo hicho "I want to advice you" inajifichua yenyewe, kwa kuwa hakuna anayesema "nataka ushauri wewe".

Wengine hufundishwa kwamba baada ya "to" herufi ni "s" daima. Kanuni hiyo husaidia mara nyingi, lakini huangusha pale "to" inapokuwa kihusishi, kama katika "Listen to advice", ambapo maana ni kusikiliza ushauri na herufi sahihi ni "c". Kipimo cha Kiswahili hakina udhaifu huo.

Masikio nayo yanasaidia, na hili ni jambo ambalo walimu wengi huliruka. Maneno haya mawili hayatamkwi sawa. "Advice" humalizikia kwa sauti ya "s", kama mwisho wa neno "rais", na huoana na "rice" na "price". "Advise" humalizikia kwa "z", kama mwisho wa jina Aziz, na huoana na "wise". Sisi tunazitofautisha sauti hizo tangu utotoni, kwani hakuna Mswahili anayechanganya "sana" na "zana" au "sima" na "zima", hivyo hakuna sababu ya kuzichanganya katika Kiingereza. Mkazo uwe kwenye silabi ya mwisho katika yote mawili. Mazoea yetu ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho hutuvuta tukazie "ad", hali ambayo humfanya msikilizaji asite.

Jozi ya "device" na "devise" hufuata utaratibu huu huu wa tahajia na wa sauti. "Practice" na "practise", kama ilivyo kwa "licence" na "license", hutofautiana kwa tahajia ya Kiingereza cha Uingereza, ambayo ndiyo inayofundishwa katika shule za Afrika Mashariki, lakini hutamkwa sawa, na Wamarekani hawazitenganishi kwa herufi. "Advice" na "advise" ni tofauti pande zote mbili za Atlantiki, kwa hiyo mtu hawezi kujitetea kwamba ameandika Kimarekani.

Turudi kwenye ile barua pepe. "Please advise" imenyooka kisarufi, ingawa kwa maoni yangu ni sentensi ya uvivu, kwa sababu haimwambii msomaji ni jambo gani hasa unataka akushauri, na mara nyingi mwandishi hataki ushauri hata kidogo, anataka kujulishwa tu. Ikiwa unataka kujua tarehe ya mkutano, andika "Please let me know the date of the meeting." Ikiwa kweli unataka ushauri, taja jambo lenyewe: "I would be grateful for your advice on the second clause of the contract." Mwisho kuhusu kitenzi hicho, kumbuka kwamba hufuatwa na mtu moja kwa moja bila "to" kati yao: "She advised me to wait", wala si "She advised to me".

Vitenzi na vihusishi vinavyoandamana nalo

Ushauri kwa Kiingereza hutolewa kwa "give" au "offer", huombwa kwa "ask for" au "seek", hufuatwa kwa "follow" au "act on", na hupuuzwa kwa "ignore". Haufanywi, kwa hiyo "do an advice" na "make an advice" hazifai.

Kitenzi "take" kinahitaji uangalifu wa peke yake kwa sababu kina sura mbili. "Take my advice" ni kumwambia mtu aufuate ushauri wako. "Take legal advice" ni kumwambia aende kwa mwanasheria akaulize, na hapo hakuna bado ushauri wowote wa kufuatwa. Mtafsiri wa mkataba akiandika "afuate ushauri wa kisheria" mahali palipokusudiwa "atafute ushauri wa kisheria", amebadilisha wajibu wa mtu aliyeandikiwa.

Jambo linaloshauriwa hutanguliwa na "on" au "about". "On" hupendelewa zaidi katika mambo rasmi na ya kitaalamu, kama "advice on tax". Anayetoa hutanguliwa na "from", na anayepokea hutanguliwa na "to" au "for". Unapotaka kutaja tendo lenyewe, sema "My advice is to sell the cow now". Katika maandishi rasmi unaweza kukuta "The doctor's advice was that he stop smoking", ambapo "stop" haina "s" ingawa mhusika ni mmoja. Hilo haliwezi kumshangaza Mswahili, kwani sisi nasi tunasema "ushauri wa daktari ulikuwa aache sigara", kwa ile "e" ya mwishoni inayoonyesha jambo linalotakiwa, tofauti na "anaacha". Hospitalini, mgonjwa anayeamua kuondoka kabla madaktari hawajamruhusu hutia saini kwenye fomu yenye maneno "against medical advice"; yaangalie, hayana "an" wala "s".

Maneno yanayochanganywa nalo

"Council" na "counsel" hutamkwa sawa, lakini "council" ni baraza la watu, kama halmashauri ya wilaya. Neno letu "halmashauri" limebeba "shauri" ndani yake, na nadhani hilo huchangia mtu kuvuta neno lisilo lake. "Counsel" ni ushauri wa heshima na wa uzito, tena ni neno la mahakamani linalomtaja wakili, nalo kwa maana hiyo halibadiliki katika wingi: "both counsel agreed". "Counselling" si "advice". Ni ile kazi ambayo kwa Kiswahili imeitwa ushauri nasaha, jina lililoenea sana kupitia huduma za upimaji wa hiari wa virusi vya ukimwi, na wanaoifanya husisitiza kwamba hawamwambii mteja la kufanya, bali humsaidia aamue mwenyewe.

"Legal opinion" ni maoni ya kitaalamu ya mwanasheria, kwa kawaida kwa maandishi, na huhesabika. "Legal advice" haihesabiki. Ikiwa hasa unachotaka ni kuhesabu, basi achana na "advice" utumie "suggestion", "recommendation" au "tip", ambazo zote hukubali wingi. "I have three suggestions" ni nyepesi kuliko "I have three pieces of advice", na mara nyingi ni ya adabu zaidi unapomwandikia mtu aliyekuzidi cheo au umri, kwa sababu pendekezo halijifanyi linajua zaidi kuliko msomaji.

Mahali ambapo "advices" ni sahihi

Mhariri aliyekwisha kuyashika yote haya hupata hamu ya kufuta kila "advices" anayokutana nayo, na hapo anaweza kuharibu maandishi mazuri. Katika benki na biashara "advice" ina maana nyingine kabisa, yaani hati ya kumjulisha mtu kwamba muamala umefanyika. "Debit advice" hukujulisha kwamba fedha zimetolewa katika akaunti yako, "credit advice" kwamba zimeingia, na "remittance advice" humjulisha muuzaji kwamba ankara yake imelipwa. Hati hizo ni karatasi zinazoweza kuhesabiwa na kutiwa kwenye jalada, kwa hiyo "three debit advices" haina kosa. Katika malipo ya kimataifa kwa "letter of credit", yaani barua ya benki ya kuahidi kumlipa muuzaji, "advising bank" ni benki inayomjulisha muuzaji kwamba barua hiyo imefunguliwa kwa ajili yake, na hilo ndilo jina linalotumika katika kanuni za UCP 600 za Chama cha Kimataifa cha Biashara, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2007. Anayeitafsiri kuwa "benki mshauri" humpotosha mfanyabiashara, kwani kazi ya benki hiyo hapo ni kujulisha. Maana hiyo ya kujulisha ni ya zamani, na magazeti ya Kiingereza ya karne ya 19 yaliandika "advices" kwa habari zilizofika kutoka mbali kwa meli au kwa simu ya maandishi. Ukisoma nyaraka za enzi hizo zinazohusu biashara ya pwani yetu na ukakuta "advices from Zanzibar", usitie wino mwekundu, wala usiitafsiri kuwa nasaha kutoka Unguja. Ni habari zilizoletwa kutoka huko.